Jezi Kumi na Saba

Februari huniletea mifuko minne
mizito kama maiti.
Matope ya Harrowclough ni meusi, yana vumbi la makaa
tangu enzi za machimbo; hayasikii sabuni ya kwanza.
Naloweka. Nasubiri. Nasugua ukosi kwa mkono.
Mashine zangu mbili zinanguruma chini ya jukwaa la mashariki,
na watu elfu tatu waliokaa juu yake
wameshakwenda zao, wamelowa, wamefungwa tena.

Mimi mchezo siutazami. Nausoma.
Namba tisa, Dale Hebblethwaite: viwiko vimelika kitambaa,
huyu alikaba tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho.
Namba mbili, kijana Wilf Oldroyd, safi kama shuka ya hoteli:
mpira haukumfikia pembeni kule, alisimama tu na mvua yake.
Na Feleti Vaipulu, namba kumi, aliyetoka Tonga
na mke na watoto watatu na kicheko cha kutikisa milango,
jezi yake haivuliwi, huchunwa;
nimeishona bega mara mbili,
mara mbili bega limekataa.

Machi tulifungwa mara nne.
Aprili mara tatu, na sare moja
ambayo kocha aliishangilia
kama aliyeokota sarafu kwenye koti la zamani.
Mei benki ilipiga simu.
Tukaambiwa tuzime taa za korido,
nikafulia gizani,
nikajifunza kutenganisha damu na tope kwa kunusa.

Damu ni maji ya baridi, siku zote.
Ukiitia maji ya moto inaganda, inakuwa yako milele.
Mama ndiye aliyenifunza, naye alifua za wachimba makaa.
Alisema doa haligombezwi,
doa linabembelezwa.

Juni namba moja ilikuja imekatwa kwa mkasi
toka shingoni hadi pindoni.
Sikuuliza. Redio ilikuwa imeshasema: Jonty Sugden,
miaka kumi na tisa, machela, hospitali, shingo.
Niliishona usiku ule kwa uzi wa buluu, mishono midogo,
nikijua fika kwamba hakuna atakayeivaa.

Kisha Julai ardhi ikakauka
na jezi zikaanza kuja na majani magotini,
na chokaa! Chokaa ya mstari wa trai
vifuani mwa watu ambao tangu baridi hawakuionja.
Jumapili moja nilihesabu vifua sita.
Nikakaa juu ya ndoo, nikacheka peke yangu
hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Agosti mishahara ilichelewa wiki ya tatu.
Feleti alibisha mlango, macho chini,
na kifurushi: mashine yao wameiuza.
Sikusema neno. Soksi tatu tatu, fulana zenye dinosaria,
zikazunguka tumboni mwa mashine na namba kumi,
mkono mkubwa umekumbatia midogo,
ukiachia, ukikumbatia.

Septemba. Mechi ya mwisho. Tushinde tubaki, tufungwe tushuke.
Nilizima redio, nikangoja mifuko.
Namba saba ilinipa habari: ukosi una alama za meno.
Mkwaju wa mwisho, basi, uligonga mwamba.
Pointi moja.
Mji mzima umeshuka daraja kwa upana wa mti mmoja.

Lakini chini kabisa, mfuko wa nne, namba mbili,
Wilf wa shuka ya hoteli,
na kifuani, toka ubavu hadi ubavu,
mstari mweupe.

Niliishika sana.
Niliiweka kitini, nikanywa chai nikiiangalia.
Jumatatu zinapigwa mnada, zote kumi na saba,
kulipa deni la umeme,
na karatasi ya dalali imesema: ziwe safi.

Kazi ni kazi. Maji ya baridi, polepole.
Chokaa ndiyo iliyotoka mwisho.